Mfalme na Angoje

Miezi minane sasa mfalme yumo gerezani,
na mimi ndiye niliyeagizwa kumtoa.
Upanga ninao. Ramani ninayo.
Farasi amekula, kwato zake zimechongwa.
Lakini leo ni Jumanne, hapa Coventry mvua haijakatika
tangu mapipa ya taka yalipochukuliwa,
na mle ndani ya skrini, ng'ambo ya mto,
kumepambazuka vizuri mno.
Mfalme na angoje. Nachuma uyoga.

Siku ya kwanza gemu liliniuliza:
Rahisi, Kawaida, au Ngumu?
Nikacheka peke yangu hadi miwani ikaniteleza.
Miaka thelathini na mmoja wodi ya wazee,
zamu za usiku, Krismasi na Idi,
nani aliwahi kuniuliza?
Nikabonyeza Rahisi
kama abiria anayedai chenji yake.

Vidole vyangu gumba vina baridi yabisi.
Kuruka genge kunataka vitufe viwili kwa mpigo:
najaribu, naanguka,
najaribu, naanguka,
na kila nikifa wananirudisha pale pale darajani,
mzima, kofia kichwani,
hakuna fomu ya kujaza, hakuna ndugu wa kupigiwa simu.
Mara ya kumi na nne nikatafuta njia ya kuzunguka.
Ipo. Ni ndefu, ina mbuzi,
na mwenye mbuzi hunisalimia kila nipitapo
maneno yale yale, yale yale,
kama jirani yangu Pauline na hali yake ya hewa.

Lakini kitufe nikipendacho kuliko vyote
ni kile kidogo cha katikati.
Wodini kengele ikilia imelia;
chai yangu niliinywa imepoa, nimesimama.
Sasa majambazi kumi na wawili wananijia na mashoka,
birika limechemka jikoni,
nabonyeza.
Mashoka yote yanaganda hewani.
Mmoja kaachama, meno yake nayahesabu.
Naenda, natia iliki, natia sukari asiyoijua daktari,
narudi, nakaa, nakunywa.
Nawaonea haya kidogo, mikono juu vile,
kama watu wa arusi mbele ya mpiga picha mzembe.
Kikombe kikiisha nawaambia: haya, bismillahi.

Haraka haraka haina baraka, tulifundishwa.
Hatukuambiwa kwamba polepole nayo ina bei,
na kwamba mtu huilipia kwanza, miaka mingi,
ndipo apewe.

Mjukuu wangu Muadhi alikuja likizo ya Oktoba.
"Bibi! Saa mia moja na arobaini?
Mimi nililimaliza kwa siku mbili."
"Lilipoisha likakuonyesha nini?"
Akafikiri.
"Majina ya watu waliolitengeneza."

Nikampeleka nyuma ya maporomoko, kwenye kibanda
alichokipita mbio bila kukiona.
Ndani mna kitanda, jiko lenye moto, paka.
Akafungua makabati yote.
"Humu hamna kitu, Bibi. Hamna hata sarafu."
"Ndiyo."
"Sasa tunafanya nini?"
"Tumekaa."
Alikaa dakika nne, niliziangalia saani,
kisha akashika simu yake.
Sikumlaumu. Miaka kumi na mitatu
si umri wa kukaa na paka.

Jumapili, amesharudi kwao Luton,
akanitumia ujumbe wa neno moja:
Paka?
Nikavaa miwani, nikaenda kutazama,
nikamjibu: Amelala.

Usiku, kutoka mlango wa kibanda,
dirisha la gereza huonekana, taa moja ya manjano.
Mfalme hazeeki mle. Nimehakikisha.
Anayezeeka ni mmoja tu, na yuko upande huu wa kioo,
blanketi magotini, hita imezimwa kwa ajili ya bili.
Kwa hiyo nitakwenda, nitakwenda kumtoa,
labda Machi, siku zikirefuka.
Kwanza uyoga huu ukauke.